Shajara ya mradi wa karafuu: kutafuta kundi la kushindania

Mwisho wa Agosti

Mradi umeanza. Wanafunzi ni watatu, wote wa kidato cha tatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, na wote wametoka nyumba zenye mikarafuu huku kaskazini mwa Pemba. Wazo lao ni sanduku la kukaushia karafuu kwa jua: mbao, nailoni angavu juu, wavu wa kuanikia ndani, matundu ya hewa chini na juu, na kihisi cha joto na unyevu kilichounganishwa na Arduino, kibao kidogo cha kompyuta kinachopangiwa programu. Sababu ya kulitaka inajulikana na kila anayeishi hapa. Uchumaji ukivutana hadi vuli, karafuu zilizo jamvini hupigwa na mvua, na zikishapigwa mara mbili tatu hazirudi tena kuwa za daraja la kwanza.

Nitaandika hatua za kazi yao, lakini macho yangu yako zaidi kwenye jambo moja ambalo klabu nyingi za sayansi huliacha mpaka fomu inapotakiwa kurudishwa: kundi la kushindania. Young Scientists Tanzania, maonesho ya sayansi ya wanafunzi yaliyoanza 2011 kwa kufuata mfano wa maonesho ya Ireland ya tangu 1965, hupanga miradi katika makundi mapana: baiolojia na ikolojia; kemia, fizikia na hisabati; sayansi za jamii na tabia; na teknolojia. ISEF ya Marekani, maonesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi ya wanafunzi yaliyoanza Philadelphia mwaka 1950, imekwenda mbali zaidi na ina makundi zaidi ya 20. Mgawanyo uwe mpana au mwembamba, swali ni lile lile. Kundi ndilo linaloamua ni nani atakayesimama mbele ya meza ya mtoto na kumhoji. Fundi wa mitambo ataulizia mitambo. Mtu wa kemia ataulizia kemia. Mradi mzuri ukihojiwa na mtu ambaye fani yake ni nyingine, utapimwa kwa yale usiyokuwa nayo.

Wanafunzi wenyewe hawana shaka hata kidogo. Wameshaandika Teknolojia, kwa wino.

Septemba, mwanzoni

Sanduku limesimama. Mvulana, ambaye mjomba wake ni seremala, amelijenga vizuri kuliko nilivyotarajia. Kihisi cha kwanza walichopata kilikuwa DHT11, na hicho hupima joto mpaka nyuzi 50 tu. Saa sita mchana sanduku linakaribia hapo, kwa hiyo tukatafuta DHT22, ambacho kinafika 80.

Leo nimewapa zoezi. Kila kitu kilichomo kwenye mradi wakiandike kwenye kipande chake cha karatasi, wavipange mezani, kisha waondoe kimoja kimoja na kuangalia kama kuna mradi uliobaki. Vipande vilikuwa vitano: sanduku, kihisi, mafuta ya karafuu, ukungu, na kina mama wanaochambua karafuu.

Wameondoa kihisi. Mradi umebaki, maana kipimajoto cha maabara na mtu wa kukisoma wanatosha. Wameondoa kina mama, umebaki. Walipofika kwenye sanduku ubishi ukawaka. Mvulana anasema sanduku likitoka hakuna kitu. Msichana mmoja, mkimya wa siku zote, akasema karafuu bado zipo na bado zinaharibika, na hakuna aliyeeleza zinaharibika wapi. Nikamwomba airudie sentensi hiyo ili wenzake waiandike.

Sikuwaamulia. Nimewataka tu wafute wino na waandike Teknolojia kwa penseli.

Septemba, katikati

Siku ya kusoma sheria. Nawashauri walimu wenzangu wasiiruke, kwa sababu watoto wengi wanadhani sheria zinafuata jina la kundi. Zinafuata kile unachokifanya kwa mikono yako.

Msichana wa pili alikuwa na mpango wa kuotesha ukungu wa karafuu nyumbani kwao, kwenye vikopo vya jeli, kisha ahesabu madoa. Kwa sheria za ISEF, kuotesha nyumbani vijidudu usivyovijua hakuruhusiwi kabisa. Hufanywa kwenye maabara inayofaa, vyombo vikiwa vimefungwa, na kuna namna ya kuviteketeza baada ya kazi. Maabara yetu haijafikia hapo. Kipande cha ukungu tumekitoa mezani, na pamoja nacho sababu kubwa ya kuingia baiolojia.

Dodoso nalo vivyo hivyo. Walitaka kuwauliza kina mama wanalipwaje na wanachambua saa ngapi. Ukimhoji mtu kwa ajili ya utafiti, hata kama mradi wako umeuandikisha kwenye teknolojia, ISEF inataka maswali yako yapitiwe kabla hujaanza na bodi ya watu wasiopungua watatu: mwalimu, kiongozi wa skuli, na mtu anayeelewa madhara ya kiafya au ya kisaikolojia. Na kila anayeulizwa akubali kwa hiari yake. Naona ni sheria ya heshima. Kipato cha mama wa watu si kitu cha kuandikwa daftarini na mtoto aliyepita njiani.

Tumekubaliana kuwa kwa kina mama tutakwenda kujifunza kazi tu. Hakuna atakayehojiwa wala kuandikwa jina.

Septemba, mwishoni

Tumekwenda kutazama kuchambua, nyumbani kwa bibi wa yule msichana mkimya, baada ya Isha. Watoto wakaamkia, wakapewa nafasi jamvini, na kabla hawajauliza lolote wakawekewa mafungu mbele yao wachambue.

Nimewaambia watazame mikono. Bibi anachukua shada, analikandamiza kwenye kiganja na kulizungusha mara moja. Karafuu zinaangukia upande mmoja na makonyo yanabaki vidoleni, anayatupa upande wa pili bila kuangalia. Makonyo hayatupwi, nayo yana mafuta, na kiwanda cha Wawi kimejulikana miaka mingi kwa kuyakamua. Mashada ya jioni ile yalikuwa yametolewa kwenye magunia mawili. La kwanza lilichumwa asubuhi ya siku ile. La pili lilikuwa limelala tangu jana, kwa sababu wachambuaji walikuwa wachache na karafuu nyingi.

Mvulana alitia mkono kwenye gunia la pili, akautoa haraka. "Maalim, ndani kuna moto."

Bibi akamjibu bila kunyanyua uso: "Hizo zimeshaungua, mjukuu wangu. Mtazianika, jua litawaka, na bado zitatoka mpeta."

Mpeta ndiyo karafuu iliyochacha kabla ya kukauka: imepauka, imekunjamana, ina unga mweupe mweupe, na haina ule mng'ao wa kahawia iliyoiva. Mnunuzi huitambua kwa jicho tu. Wanafunzi wangu walikuwa wanaamini kuwa mpeta huletwa na mvua na jua hafifu, na sanduku lao lilijengwa juu ya imani hiyo.

Njiani hakuna aliyesema neno mpaka tukafika barabarani. Hapo msichana mkimya akauliza kama sanduku linaweza kuponya karafuu iliyolala guniani. Hilo linapimika, nikawaambia wapime.

Oktoba, mvua za kwanza

Wamepima. Fungu la karafuu zilizolala guniani wamelitia kwenye sanduku, na fungu lililochambuliwa siku ile ile wamelitandaza jamvini nje. Mvua ya alasiri ikaja, za jamvini zikafunikwa na turubai kwa haraka kisha zikaanikwa tena kesho yake. Za sandukuni zilikauka mapema zaidi, hilo halina mjadala. Lakini mpeta ulijaa kwenye fungu la sandukuni, na kwenye lile la jamvini ulikuwa wa kuokota.

Jaribio hili halithibitishi lolote, na nimewaambia hivyo waziwazi. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, muda wa kulala na mahali pa kukaushia, na fungu lilikuwa moja moja. Hata hivyo limewaonesha swali liko wapi. Mvulana alikaa na sanduku lake muda mrefu kidogo. Alipoinuka alikuwa na pendekezo ambalo nimelipenda sana: sanduku litumike kukaushia mafungu yote kwa namna moja, ili tofauti itakayoonekana iwe imetokana na gunia peke yake.

Kwa pendekezo hilo mradi umehama. Mwezi uliopita sanduku lilikuwa ndilo jambo lenyewe. Sasa limekuwa chombo cha kazi, limekaa daraja moja na mizani.

Oktoba, bado mvua

Swali jipya limeandikwa ubaoni: je, saa ambazo karafuu mbichi hukaa kwenye gunia kabla ya kuanikwa hupunguza mafuta yake?

Mpango ni huu. Karafuu za siku moja, kutoka miti ya sehemu moja, zichanganywe vizuri na kugawanywa mafungu manne. La kwanza lianikwe mara moja. La pili likae guniani saa 12, la tatu 24, la nne 48. Ndani ya kila gunia kiwepo kipimajoto. Kisha kila fungu likaushwe sandukuni kwa joto la kati ya nyuzi 45 na 55, trei zibadilishwe nafasi kila baada ya muda kwa sababu trei ya juu hupata joto zaidi, na mizani iamue mwisho: uzito usipopungua tena, imekauka. Karafuu mbichi sehemu kubwa ni maji, na ikikauka hubaki theluthi moja hivi ya uzito wake. Kwa mkono, wazee huivunja. Ikilia kwa kukatika, tayari.

Likazuka swali la kundi, na safari hii nimefurahi kwa sababu wamelizusha wenyewe. Msichana wa pili anasema kuchacha ni kazi ya viumbe hai, basi turudi baiolojia. Hoja yake si nyepesi. Nikamuuliza: katika daftari lenu, safu za namba zitakuwa za nini? Akataja: joto la gunia, uzito kabla na baada, ujazo wa mafuta. Je, kuna safu ya viumbe? Hakuna. Kwa hiyo jaji wa baiolojia atauliza ni kiumbe gani, kiko wapi, mmekihesabu vipi, na mtabaki mnamtazama. Sababu ya kuchacha inaweza kuwa ya kibaiolojia, lakini wanachokipima wao ni mafuta na maji. Mradi unakaa pale ambapo vipimo vyake vipo.

ISEF huwaelekeza wanafunzi namna hiyo hiyo: mradi ukiingia makundi mawili, jiulize ni mtaalamu wa fani gani anayestahili kuuhukumu, na ni kipande gani cha kazi yako kilicho kipya au chenye uzito zaidi. Chombo ulichokitumia hakitajwi kwenye maswali hayo, isipokuwa kama chombo chenyewe ndicho ulichokibuni na kukijaribu.

Kuna mzazi mmoja aliyenishauri kwa nia njema tuangalie kundi lenye washindani wachache. Nimemshukuru, lakini siafiki. Uchache wa washindani haupunguzi maswali ya jaji, na mtoto aliyepelekwa mahali pasipo pake hulijua hilo mapema kuliko mtu mwingine yeyote.

Novemba, maabara

Kukamua mafuta. Vifaa ni vya kawaida: chupa ya kuchemshia, kondensa, taa ya spiriti, na silinda nyembamba ya kupimia. Kila mara ni gramu 25 za karafuu kavu zilizotwangwa, pamoja na maji. Mvuke unapanda na mafuta, unapoa kwenye kondensa, na kinachodondoka ni maji meupe kama tui jepesi.

Kisha subira. Ndani ya silinda ule weupe unaanza kupasuka, na vijitone vya rangi ya manjano hafifu vinaonekana vikishuka. Vinashuka kweli, maana mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Wanafunzi, waliozoea mafuta ya nazi yanayoelea, walisogeza vichwa mpaka nikawaambia wapishe mwanga. Msichana mkimya ndiye anayesoma kipimo. Amejiwekea utaratibu wake: macho usawa wa mstari, anasoma, anamwita mwenzake asome bila kumwambia alichokiona yeye, kisha ndipo wanalinganisha. Utaratibu huo hakuna aliyemfundisha.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujeno, ndiyo yenye ile harufu na ule ukali wa ulimini, na ndiyo inayotia ganzi jino linalouma. Mvulana alitaka jina hilo lionekane kwenye kichwa cha mradi kwa sababu linapendeza. Tulijadiliana. Wanachokipima ni ujazo wa mafuta yote. Tone la kloridi ya chuma linaweza kubadilisha rangi na kuonesha kwamba yujeno imo, lakini halisemi ni kiasi gani. Basi kichwa kitaje mafuta. Kichwa kinachoahidi kisichopimwa humvuta jaji kwenye swali ambalo jibu lake halipo mezani.

Novemba, mwishoni

Kabla ya kujaza fomu nimefanya jaribio la kundi lenyewe, na hili nalipendekeza kwa kila klabu. Nimewaomba walimu wawili wa skuli yetu wawahoji wanafunzi kila mmoja kwa wakati wake, kana kwamba ni majaji. Mmoja ni mwalimu wa TEHAMA, mwingine wa kemia. Sikuwaambia tumefikia wapi.

Mwalimu wa TEHAMA aliuliza kwa nini nailoni ile na si kioo, hewa inaingia kwa kasi gani, walijaribu miundo mingapi, programu inafanya nini joto likizidi. Majibu yao yalikuwa ya kweli na mafupi. Muundo ni mmoja. Joto likizidi, mtu anafungua mlango. Dakika chache tu maswali yakaisha, na naye alikuwa mwungwana.

Mwalimu wa kemia alianza kwa kuuliza kwa nini mafungu yote yalitoka sehemu moja. Hapo watoto wakabadilika. Walieleza kuchanganya, kugawa, trei kuzungushwa, uzito kutulia. Aliwauliza wanajuaje kuwa mafuta hayakupotea sandukuni. Msichana wa pili akajibu kuwa huenda mengine yalipotea, lakini mafungu yote yalipita sanduku hilo hilo kwa joto hilo hilo, kwa hiyo tofauti kati yake bado inasomeka. Akawauliza gunia lilifika joto gani, wakafungua daftari na kumwonesha jinsi la saa 48 lilivyopanda juu ya joto la chumba. Alipotaka kujua kama wanaweza kudai kuwa kila karafuu ya Pemba iko hivyo, mvulana akasema hapana, hizi ni za mashamba ya sehemu moja na za msimu mmoja. Maongezi yalivuka muda wa kipindi.

Tulipotoka sikuhitaji kuwauliza. Penseli ilikuwa mkononi mwa mvulana mwenyewe, mjenzi wa sanduku, na ndiye aliyefuta Teknolojia. Kemia, fizikia na hisabati.

Desemba, mwanzoni

Fomu imejazwa. Kichwa: Athari ya muda wa kukaa guniani kwa karafuu mbichi juu ya kiasi cha mafuta yake. Muhtasari umeandikwa upya mara kadhaa mpaka sentensi ya kwanza ikawa swali na sanduku likatajwa kwenye sehemu ya mbinu. Nimewaonya jambo moja la meza ya maonesho: ISEF, kwa mfano, hairuhusu mimea, chakula, wala kimiminika chochote mezani, hata maji. Mwenye kujitayarisha hivyo hatapata tabu popote. Kwa hiyo wanapiga picha za karibu za karafuu nzuri na mpeta zikiwa ubavu kwa ubavu, na za silinda yenye mafuta yaliyotua chini ya maji.

Kazi iliyobaki ni kurudia mafungu yote manne kwa karafuu za mchumo mwingine, kabla msimu haujakwisha. Bila marudio hayo, mstari wao kwenye grafu una nukta chache mno. Bibi ameahidi gunia, kwa sharti kwamba wachambuaji wawe wao.

Sanduku nalo limepata wenyewe. Wanafunzi wawili wa kidato cha pili wameliomba. Wanataka kujua matundu ya hewa yawe makubwa kiasi gani ili unyevu utoke bila joto kushuka, na wameshaanza kuchora miundo mitatu ya kulinganisha. Mvulana wetu anawafundisha kusoma kihisi. Kwenye fomu yao, mradi huo utakapokuwa tayari, wataandika Teknolojia.